Breki moja Barabara ya Bagamoyo: kisa cha Beetle ya 1960 na bolti iliyong'oka

Gari ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1960, rangi ya maziwa, usukani kulia, na kazi yake jijini Dar es Salaam ni kubeba maharusi. Jumamosi moja saa nne asubuhi lilikuwa likitoka Tegeta kuelekea Mwenge, mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Mbele walikaa dereva na mpiga picha. Nyuma bibi harusi na mpambe wake. Bajaji ikakata mbele yao, dereva akakanyaga breki yote, gari likasimama bila kugusa kitu. Mpiga picha alikuwa amefunga mkanda. Hata hivyo kifua chake kilifika kwenye dashibodi, na alipojirudisha kitini akakuta kifungio cha mkanda kinaning'inia pajani mwake pamoja na bolti yake, nati yake, washa yake na kipande cha zulia.

Aliondoka na mchubuko tu. Lakini hapakuwa na ajali pale, palikuwa na breki, na hilo ndilo linalokipa kisa hiki uzito.

Piga hesabu. Breki za ngoma za gari kama hili, zikishika vizuri kwenye lami kavu, hupunguza mwendo kwa takriban 0.6 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Abiria wa kilo 70 anasukumwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 42, na sehemu ya hizo inamezwa na msuguano wa kiti na miguu iliyokazwa sakafuni. Mzigo ulioifikia bolti ile haukuzidi sana ndoo ya maji ya lita 20. Sasa gari hilohilo ligonge kitu kigumu kwa kilomita 40 kwa saa, mwili wa abiria upate nusu mita ya kusimamia: nguvu inafika karibu kilo 880. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayopima pointi za kufungia mikanda, ECE R14, inadai pointi za mkanda wa bega na kiuno zihimili kilonyutoni 13.5 kwenye utepe wa bega na 13.5 nyingine kwenye utepe wa kiuno, zote kwa pamoja. Kila moja ni sawa na kuning'iniza uzito unaokaribia kilo 1,375. Bolti ya mpiga picha ilishindwa na ndoo.

Mkanda wenyewe haukuwa na hata uzi uliokatika. Kilichoachia ni sakafu. Wenye magari ya zamani hutumia siku nzima kuchagua mkanda, rangi ya utepe, kifungio cha kung'aa, kisha kazi ya kutoboa bati wanamwachia kijana wa gereji aimalize kwa dakika kumi.

Chini ya zulia

Viti vilitolewa, zulia likafuata, kisha matabaka ya lami aliyoyapaka mtu fulani miaka iliyopita. Kipimo cha kwanza kilikuwa sumaku ndogo ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kamba. Juu ya tuta la kati, lile pito lililoinuka kutoka mbele hadi nyuma, sumaku ilinasa kwa nguvu. Ikishuka kwenye sakafu ya upande wa abiria ilinasa, ikalegea, halafu karibu na tundu la bolti ikaanguka. Pale hapakuwa na bati. Palikuwa na faiba, juu yake puti, juu yake lami. Aliyeziba tundu la kutu hakuwa na nia mbaya, alizuia maji yasiingie. Aliyekuja baadaye na drili ndiye aliyelichukulia kiraka kama chuma.

Washa iliyong'oka ilikuwa ya milimita 25. Eneo lake, ukiondoa tundu la katikati, ni takriban sentimita 4 za mraba. Ukiisimamisha juu ya bati jema la sakafu, ambalo nalo ni jembamba, bado itakunja kingo na kupenya kwenye ajali. Juu ya puti haikuwa hata na kazi ya kukunja.

Upande wa dereva bolti ya ndani ilikuwa imara, na hapo kulikuwa na balaa la aina nyingine. Fundi aliona sakafu haieleweki, akatoboa tuta lenyewe kutoka ubavuni. Ndani ya tuta la Beetle mna njia ya kila kitu: fimbo ya gea, bomba la petroli linalotoka tangi la mbele kwenda injini ya nyuma, kebo ya klachi ndani ya mrija wake, kebo ya pedali ya mafuta, kebo za hendibreki, na waya za kufungulia joto. Bolti ilikuwa ndefu, na ncha yake ilikuwa ikisugua fimbo ya gea. Mwenye gari alikumbuka kwamba gea ya pili ilianza kuwa ngumu wiki ileile mikanda ilipofungwa, na tayari alikuwa ameshabadilisha bushi ya fimbo bila mafanikio. Ncha ingeelekea sentimita chache upande mwingine, ingekutana na bomba la petroli.

Bolti yenyewe ilikuwa M10. Pointi za mikanda duniani kote, kuanzia magari ya Uingereza ya miaka ya 1960 hadi Toyota zinazoshushwa bandarini leo, kwa kiasi kikubwa hutumia bolti ya inchi: 7/16, thredi 20 kwa inchi, ile ya thredi laini iitwayo UNF. Kipenyo chake ni milimita 11.1. M10 inaingia kwenye nati yake kwa kuyumba na kushika ncha za thredi tu. M12 haiingii, na anayelazimisha hupitisha tepu na kuharibu nati ya kiwandani. Kwenye maduka ya Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, bolti za 7/16 UNF zipo, ila uziulize kwa jina hilo na utazame kichwa: mistari sita inamaanisha gredi 8, mistari mitatu gredi 5, kichwa kitupu irudishe kaunta. Afadhali zaidi ni bolti zinazokuja na mkanda, zenye shingo laini chini ya kichwa. Kazi ya shingo hiyo itaonekana mbele.

Mikanda ya mtumba, na gololi iliyotupwa

Mikanda ilikuwa ya mtumba, imetoka kwenye gari dogo la Kijapani, imenunuliwa Ilala. Kununua mkanda uliotumika si kosa kwa kila hali. Wa gari hili ulikuwa na matatizo matatu, na dukani lingeonekana moja tu.

Linaloonekana ni plagi ya njano. Njano kwenye waya za gari ni rangi ya mfumo wa eabegi, mfuko wa hewa unaofumka gari linapogonga, na mkanda wenye plagi hiyo una baruti ndogo ya kuukaza papo hapo gari linapogonga. Bila kompyuta ya gari lake, baruti hiyo haifanyi kazi, lakini imo. Huigongi nyundo, huichomelei karibu, wala huipimi kwa taa ya betri "kuona kama inafanya kazi". Mkanda ambao baruti yake ilishalipuka kwenye ajali ya Japani huutambua kwa kikunjio, yaani bobini inayoumeza utepe, kilichokwama, au kifungio kilichovutwa chini kikawa kifupi kuliko mwenzake.

La pili limejificha. Ndani ya kikunjio, mikanda mingi ya kisasa ina mhimili unaojisokota nguvu inapopita kiwango fulani, ili utepe uachie kidogo na kifua kipokewe na eabegi. Kwenye gari lililoundiwa jambo hilo ni uungwana. Kwenye Beetle ya 1960, ambayo mhimili wa usukani wake ni fimbo moja ngumu inayotazama kifua cha dereva, kule kuachia kunampeleka mtu mahali ambapo hakuna mfuko wowote unaomsubiri. Mkanda wa gari la zamani unatakiwa uwe wa kawaida: kikunjio kinachojifunga, basi.

La tatu lilitengenezwa gereji. Kikunjio kinajifunga kwa njia mbili: utepe ukivutwa kwa ghafla, na gololi ndogo iliyolala kwenye kikombe ikiviringika pale gari linapopunguza mwendo ghafla au kuinama. Kanuni ya mikanda, ECE R16, inataka kwa mikanda ya kawaida ya abiria gololi ifunge mpunguo wa mwendo ukifika 0.45 ya mvutano wa dunia. Isifunge kikunjio kikiinama nyuzi 12 au pungufu kutoka mkao wake, na ifunge kikizidi 27. Vikunjio vya mtumba viliundwa kusimama kwenye nguzo ya gari lake, kwa pembe ya nguzo ile. Hapa vilifungwa sakafuni nyuma ya viti vya mbele, mahali penye mteremko, na vikalala kwa zaidi ya nyuzi 30. Vikawa vimejifunga muda wote. Badala ya kuvinyoosha, fundi alifungua kifuniko na kuzitoa gololi. Mkanda ukawa laini kama siagi, mteja akafurahi. Tangu siku hiyo kilichobaki ni njia moja, ya utepe kuvutwa kwa ghafla.

Kifuniko hicho hakifunguliwi kwa sababu yoyote. Hata springi ya ndani ikiruka, kurudi kwake si kazi ya mezani.

Kufunga vikunjio sakafuni kulizaa kosa jingine, kubwa kuliko gololi. Utepe ulipanda kutoka sakafuni, ukapita juu ya mgongo wa kiti, ukashuka kifuani. Kwa macho ni mkanda wa pointi tatu. Kwa mwili ni mkanda unaovuta bega kwenda chini: mtu akitupwa mbele, sehemu ya nguvu inaubana uti wa mgongo kama anayekalishwa kwa nguvu. Juu ya hapo, migongo ya viti vya mbele ya Beetle ya umri huu inalala mbele kuwapisha abiria wa nyuma na haina komeo la kuizuia. Utepe uliolazwa juu ya mgongo usio na komeo unashikwa na kitu ambacho chenyewe kinakimbilia mbele.

Ukarabati

Gari hili lilitoka kiwandani bila nati hata moja ya mkanda, na si ajabu. Mhandisi Nils Bohlin aliipa Volvo mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na ilichukua miaka kadhaa viwanda vingine kufuata. Kwa hiyo pointi zote zilipaswa kutengenezwa. Anayekarabati gari la mwisho wa miaka ya 1960 au la 1970 aanze kwa kutafuta: mara nyingi nati za 7/16 zimo ndani ya nguzo na kando ya tuta, zimefunikwa na kizibo cha plastiki, kitambaa au rangi. Kutoboa tundu jipya sentimita tano kutoka nati ya kiwandani ni kosa linaloonekana kila mara.

Betri, ambayo kwenye Beetle imo chini ya kiti cha nyuma, ilitolewa. Tangi la petroli likatolewa kabisa, bomba la ndani ya tuta likapulizwa kwa upepo na kuzibwa ncha zote mbili. Hakuna mkato hapa. Petroli inayobaki ndani ya bomba ni kidogo, na mvuke wake ndio unaowaka.

Sakafu ya upande wa abiria ilikatwa kwa grenda hadi pale bati lilipoonyesha chuma cheupe pande zote, siyo pale kutu ilipoanza kupungua. Bati jipya la geji 18, takriban milimita 1.2, lilikatwa kwa kadibodi kama kielelezo, likachomelewa kwa mashine ya CO2: kwanza vidoti kila sentimita tatu kwa kurukaruka ili bati lisijikunje, kisha vidoti vikaunganishwa vipande vifupi. Kutoka chini pakafungwa kwa sila, praima na rangi. Hewa ya chumvi ya Dar haisamehe mchomelewo ulioachwa uchi hata msimu mmoja.

Kwa pointi za ndani, moja kila upande, tuta liliachwa peke yake na tundu la zamani likazibwa. Badala yake kila upande ulipata pleti chini ya sakafu, karibu kabisa na pale bati la sakafu linapolala juu ya ukingo wa tuta, kwa kuwa hapo bati ni mbili. Pleti ni chuma cha milimita 4, urefu milimita 100, upana 60, na nati ya 7/16 UNF imechomelewa upande wa chini. Hiyo ni sentimita 60 za mraba. Kipimo kinachotumika sana kwenye magari ya mashindano chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ni angalau sentimita 40 za mraba na unene wa milimita 3, na hakuna sababu ya gari la harusi kubania chuma.

Pleti inakaa upande wa pili wa bati, kinyume na mvuto. Mkanda unavuta juu na mbele; pleti iliyo chini inavutwa kulikumbatia bati, nguvu inasambaa. Pleti ileile ikiwekwa juu, chini pakabaki nati na washa, inakuwa pambo. Pembe zake ziliviringishwa na kingo kulainishwa kwa grenda, kwa sababu pembe kali ya chuma cha milimita 4 inalikata bati jembamba kama kifungulia kopo.

Pointi za nje za chini ziliwekwa kwenye kizingiti, mzizi wa nguzo ya mlango. Kizingiti cha Beetle ni boksi linalopitisha hewa ya joto, na ndicho kinachooza wa kwanza kwa ndani huku nje kiking'aa. Bisibisi ilisukumwa kila sentimita mbili. Cha gari hili kilikuwa kizima, bahati tupu. Kingekuwa kimeoza, kazi ya mikanda ingesimama hadi kibadilishwe. Jambo la kukumbuka: bodi ya Beetle imefungwa juu ya sakafu yake kwa safu ya bolti. Pointi ya bega ikiwa kwenye bodi na ya kifungio ikiwa kwenye sakafu, bolti hizo zote zinakuwa sehemu ya mkanda. Saba zilikuwa hazipo. Zilirudishwa pamoja na mpira wake wa katikati.

Pointi ya bega iliamua kila kitu kingine. Ilitakiwa iwe nyuma ya bega na usawa wake au juu zaidi, isiwe chini. Dereva na watu wengine wawili wa vimo tofauti walikalishwa, mabega yakatiwa alama ya chaki kwenye nguzo, na tundu likawekwa sentimita 5 juu ya alama ya juu kabisa. Nguzo ni uwazi wa bati mbili, kwa hiyo dirisha dogo lilikatwa upande wa ndani, pleti ya milimita 3 yenye nati ikaingizwa, ikachomelewa kupitia matundu manane ya milimita 8 na kuzunguka kingo, kisha dirisha likafungwa. Kufunga bolti kwenye bati la nguzo kwa washa, au mbaya zaidi kwa ribiti, ni kuning'iniza mtu kwenye mlango wa kabati.

Mikanda mipya ya pointi tatu ilinunuliwa, yenye kikunjio cha kawaida kisicho na baruti, na lebo ya mduara wenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 11 Uingereza, 43 Japani. Mkanda usio na lebo hiyo wala lebo nyingine ya uidhinishaji unafaa kufungia mizigo. Vikunjio vilifungwa kwenye ubavu wa kizingiti vikiwa wima, na uwima ulipimwa kwa timazi ya mwashi, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka kwa pima maji. Hitilafu iliyobaki ilikuwa nyuzi 3 upande mmoja na 5 upande wa pili.

Kila bolti iliingizwa kwa vidole kwanza. Thredi 20 kwa inchi ni milimita 1.27 kwa mzunguko, kwa hiyo bolti inayoshika unene wake wote inazunguka angalau mara nane kabla ya spana kuguswa. Ikigoma mzunguko wa pili, itoe. Imeingia upande au nati ina matone ya kuchomelea, ipitishie tepu ya 7/16 UNF. Ukazaji ulikuwa nyutoni-mita (Nm) 42 kwa spana ya kupimia, kiwango ambacho Toyota wenyewe hutumia kwa bolti za aina hii. Karatasi ya mkanda ikisema vingine, ifuatwe karatasi.

Hapa ile shingo laini ya bolti ya mkanda inalipa. Pete ya bega, ile inayopitisha utepe kwenye nguzo, inakaa juu ya shingo na bolti inakazwa mwisho bila kuibana pete; pete lazima izunguke kwa kidole. Fundi akitumia bolti ya thredi tupu, ama pete inabanwa na utepe unajikusanya pembeni kama kamba hadi unalika, ama anailegeza ili izunguke, na bolti iliyolegezwa itajifungua yenyewe kwa mtetemo wa injini.

Upimaji ulikuwa wa aina mbili. Cheni bloku na mizani ya kuning'inia vilivuta kila pointi kwa kilo 300 kwa dakika moja, rula ikiwa kando kuona kama bati limesogea. Kipimo hiki kisimdanganye mtu: kiko mbali na kilo 1,375 na kinafichua uzembe mkubwa tu. Puti ingeanguka hapo. Baada yake gari lilipelekwa kwenye kiwanja kitupu, kilomita 20 kwa saa, breki ya nguvu, mara tatu kwa kila kiti, abiria akijishikilia dashibodi kwa mikono kabla ya breki asije akaupima mkanda kwa pua. Vikunjio vyote viwili vilifunga kila mara.

Kuuvaa

Mpiga picha alikuwa ameuvaa mkanda kwa namna ambayo hata sakafu nzuri isingemsaidia vya kutosha. Alikuwa amebana utepe juu kabisa kwa kibanio cha nguo ili usimsumbue akiinua kamera, na kati ya utepe na kifua palipita ngumi. Ulegevu huo wote mwili unausafiri bure kabla ya kushikwa, na kwenye Beetle dashibodi haiko mbali. Ulegevu unaokubalika ni kiganja kilicholala bapa.

Utepe wa kiuno unakaa chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukigusa mapaja. Ukipanda tumboni unakata viungo laini. Wa bega unapita katikati ya mtulinga, siyo shingoni wala chini ya kwapa. Kwapani ni mtindo wa abiria wafupi wa teksi, na unapeleka nguvu yote kwenye mbavu. Mfupi asaidiwe kwa mto mgumu wa kukalia, usiobonyea.

Bibi harusi ni somo peke yake. Kila kungwi atasema mkanda unakunja gauni, na ni kweli, ukipitishwa juu ya matabaka ya tulle, kile kitambaa cha wavu. Tena hapo haukazi: unayaminya matabaka badala ya nyonga. Namna inayofaa ni kuinua matabaka ya juu, kupitisha mkanda juu ya kitambaa cha mwisho kilicho karibu na mwili, kisha kuyashusha juu yake. Kwenye picha hauonekani. Aliyevaa baibui au joho afanye hivyohivyo, na mwenye mimba aupitishe chini ya tumbo, daima.

Kiti cha nyuma cha gari hili kilikuwa hakina mkanda wowote. Sasa kushoto pana wa kiuno, umefungwa kwa pleti za kipimo kilekile, ukishuka kwa nyuzi 60 hivi kutoka nyonga. Kanuni kwa viti vya nyuma inaruhusu kati ya 30 na 80. Ni duni kuliko wa pointi tatu, lakini mtu wa nyuma asiyefungwa ni gunia linalomponda wa mbele, na hapa mgongo wa kiti usio na komeo haumzuii. Komeo la kawaida la mlango limewekwa chini ya kila mgongo wa mbele, likifunguliwa kwa kidole. Mtoto mdogo habebwi kwenye gari hili. Mkanda wa kiuno peke yake unamkunja mtoto katikati, na viti vingi vya watoto vinadai pointi tatu.

Mtu mmoja gereji alipendekeza mikanda ya mbio yenye pointi nne. Inapendeza, lakini pointi zake za bega nazo zingeishia sakafuni, kosa lilelile mara mbili, na bila utepe wa kupita katikati ya miguu kifungio cha kati hupanda tumboni. Pendekezo likaachwa.

Nyuma kulia hapajafungwa kitu. Betri ya Beetle inakaa chini ya upande huo, na miaka zaidi ya 60 ya asidi imeligeuza bati lake kuwa biskuti. Bisibisi ilizama hadi mpini. Mpaka bati hilo la sakafu libadilishwe kipande kizima na betri ipate kisanduku chake, kiti hicho kina kamba na hakikaliwi. Harusi zinaendelea: bibi harusi nyuma kushoto, bwana harusi mbele kando ya dereva, na mpiga picha anafuata kwa bajaji.